Ukali wa mchujo si kipimo cha shule

*Kila mwaka wazazi nchini Marekani, wakiwamo maelfu wanaozungumza Kiswahili, huamua kati ya programu za sekondari zenye ushindani mkali na zile zinazompa mtoto nafasi ya kupumua. Ushahidi unaelekea upande ambao wengi hawautarajii.*

Majibu hutoka majira ya baridi yakielekea ukingoni. Mtoto wa darasa la nane, mwenye miaka 13 au 14, ana nafasi mbili za sekondari mkononi. Moja ni ya programu ya hisabati na sayansi iliyowaacha nje wengi kuliko iliowachukua. Kazi za nyumbani humaliza jioni yote, na basi lake hupita mtaani kabla jua halijachomoza. Nyingine ni ya uhandisi, au lugha, au sanaa, au mazingira, katika shule isiyotajwa sana, ambako nafasi hutolewa kwa kura na mwanafunzi hurudi nyumbani akiwa bado na nguvu ya kucheza mpira au kumsaidia mdogo wake. Familia ina siku chache za kujibu.

Nyumba nyingi hazioni hata haja ya mjadala. Iliyo ngumu kuingia ndiyo bora, na anayeikataa ameitupa bahati. Wamarekani waliozaliwa huko wanaamini hivyo, na wahamiaji wanaamini kwa nguvu zaidi: Wakenya na Watanzania wa Maryland, Texas na Minnesota, na familia za Kikongo zilizopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kyangwali kabla ya kupewa makazi ng'ambo. Aliyekulia katika nchi ambako mtihani mmoja ulimtenga anayesonga mbele na anayebaki hawezi kulaumiwa kwa kuiona shule ya mchujo kuwa mlango pekee wa maisha.

Lakini imani hiyo haisimami vizuri mbele ya ushahidi. Ukali wa mchujo hupima watoto wanaoingia. Haupimi kile ambacho shule huwafanyia wakiwa ndani. Watafiti walipoyatenga mambo hayo mawili, faida ya jina kubwa ilipungua sana, na kwa baadhi ya watoto iligeuka hasara. Kwa mtoto mwenye uwezo wa kusoma kote kuwili, programu yenye shinikizo dogo, mradi inafundisha vizuri jambo analolipenda, ndiyo inayostahili kufikiriwa kwanza. Shule ya ushindani ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba inastahili gharama yake.

Zilibuniwa kuvuta, si kuchuja

Programu hizi huitwa za sumaku, na historia yake inaeleza mkanganyiko wa leo. Mwaka 1954, katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mitaa, hata hivyo, ilibaki imegawanyika, na shule zikaifuata mitaa. Mahakama zilipoagiza watoto wasafirishwe kwa mabasi kutoka upande mmoja wa mji kwenda mwingine, wazazi wengi wazungu waligoma au wakahama. Hata kabla ya maagizo hayo kuenea, mwaka 1968 mji wa Tacoma, katika jimbo la Washington, uliipa shule ya msingi ya McCarver, iliyokuwa katika mtaa wa Weusi, mtindo wa ufundishaji usiopatikana kwingine mjini, ili familia za mitaa mingine zije zenyewe bila kushurutishwa. Boston ilifuata mwaka 1969 kwa shule ya Trotter. Wazo likasambaa: usimlazimishe mzazi, mwekee kitu kizuri mahali ambapo hakutarajia kwenda.

Kando yake kulikuwa na ukoo mwingine, mkongwe zaidi, wa shule za mtihani. Boston Latin ilianzishwa mwaka 1635, Stuyvesant ya New York mwaka 1904, Bronx Science mwaka 1938. Koo hizo mbili zilikuja kuchanganyika. Mwaka 1985 kaunti ya Fairfax, Virginia, ilifungua sekondari ya sayansi na teknolojia ya Thomas Jefferson, na mwaka huohuo kaunti jirani ya Montgomery, Maryland, ikaanzisha programu ya sayansi, hisabati na kompyuta ndani ya sekondari ya Montgomery Blair, yenye takriban wanafunzi 100 kwa kila mwaka wa masomo ndani ya shule kubwa ya maelfu. Kuanzia hapo mzazi anayesikia habari za programu ya sumaku hawezi kujua bila kuuliza kama ni ile ya kura na shauku ya somo, au ile ya kupepeta watoto kwa alama.

Vita vyote vimekuwa juu ya hii ya pili. New York, ambako sheria ya jimbo ya mwaka 1971 inalazimisha mtihani, watoto zaidi ya 25,000 huufanya kila mwaka na takriban 4,000 tu hupewa nafasi. Mwaka 2019 Stuyvesant ilitoa nafasi 895. Zilizowaendea Weusi zilikuwa 7. Thomas Jefferson iliufuta mtihani wake mwaka 2020 na kuanza kutenga sehemu ya viti kwa kila shule ya kati, ikashtakiwa, na shauri likaisha Februari 2024 pale Mahakama ya Juu ilipokataa kulisikiliza. Wanaotaka mtihani ubaki na wanaotaka uondoke wamegombana miaka na miaka, na wote wanaanzia mahali pamoja: kwamba kiti ndani ya shule hizo ni hazina. Dai hilo ndilo lililohojiwa kidogo kuliko yote.

Aliyepita kwa alama moja, aliyekosa kwa alama moja

Ukitazama matokeo ya shule za mchujo utaona alama za juu, majina ya vyuo vikuu mashuhuri, medali za hisabati. Lakini shule iliyokusanya watoto waliokuwa wakiongoza tangu wakiwa na miaka 10 ingewezaje kukosa matokeo hayo? Ili kujua imeongeza nini, lazima umlinganishe mwanafunzi wake na mtoto wa uwezo uleule aliyesoma kwingine. Mchujo wenyewe hutoa nafasi hiyo. Kila shule ina mstari wa alama, na aliyeuvuka kwa alama moja hana tofauti ya akili wala ya bidii na aliyeukosa kwa alama moja. Usingizi wa usiku mmoja, au swali moja lililobahatishwa, lingetosha kuwabadilishia nafasi. Mmoja anaingia shule yenye jina, mwenzake anakwenda nyingine. Miaka kadhaa baadaye unawapima tena.

Wanauchumi Atila Abdulkadiroğlu, Joshua Angrist na Parag Pathak walifanya hivyo kwa shule za mtihani za Boston na New York, na kazi yao ilichapishwa mwaka 2014. Waliouvuka mstari walijikuta katikati ya wenzao wenye alama za juu kuliko ambao wangekutana nao kwingine. Hata hivyo, ukiacha dalili ndogo hapa na pale, mitihani ya jimbo na ile ya kuombea chuo kikuu haikuonyesha kwamba wamewazidi waliobaki nje. Angrist alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021 kwa mchango wake katika mbinu za kutambua kipi kimesababisha kipi, kwa hiyo haya si maneno ya watu wasiojua kupima. Mwaka huohuo wa 2014 Will Dobbie na Roland Fryer walitoa utafiti wao juu ya New York peke yake, wakiangalia mbele zaidi: nani aliingia chuo kikuu, nani alihitimu, chuo kilikuwa cha hadhi gani. Kuingia shule ya mtihani kulibadilisha mambo hayo kwa kiasi kidogo mno.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani hayo ni ya Marekani tu. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliitumia mbinu hiyohiyo kwa shule za kitaifa za Kenya, enzi zilipokuwa 18 tu na mzazi angeuza ng'ombe ili mtoto akasome huko. Walilinganisha wanafunzi waliopata nafasi na waliozikosa kidogo tu, kisha wakatazama matokeo yao ya mwisho wa sekondari. Walikuta ushahidi haba kwamba shule hizo ziliongeza ujifunzaji. Sifa yake ilitokana zaidi na watoto waliochaguliwa kuliko kazi iliyofanyika baada ya kuchaguliwa. Tanzania nayo, Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora na watahiniwa bora. Ulikuwa uamuzi sahihi, kwa kuwa orodha ya namna hiyo huipa shule sifa ya kazi iliyofanywa na mchujo.

*Shule iliyokusanya watoto waliokuwa wakiongoza tangu wakiwa na miaka 10 ingewezaje kukosa matokeo mazuri?*

Si kila nchi imetoa jibu hilohilo. Trinidad na Tobago, Kirabo Jackson alikuta kwamba shule zenye wanafunzi wa alama za juu ziliwanufaisha kweli waliopangiwa huko, hasa wasichana. Romania, Cristian Pop-Eleches na Miguel Urquiola waliona alama zikipanda kidogo, lakini pia wakakuta kwamba watoto walioingia kwa chupuchupu walijiona dhaifu na waliotengwa na wenzao, na wazazi wao wakalegeza msaada wa nyumbani, labda wakiamini kwamba shule sasa itafanya yote. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba shule ya mchujo haisaidii kamwe. Ninachoweza kusema ni kwamba msaada wake hutegemea sana unailinganisha na nini, na kwamba pale ambapo shule ya pili nayo ni nzuri, tofauti iliyopatikana ni ndogo kuliko kelele zinazoizunguka.

Chicago ndiko ushahidi unakouma zaidi. Jiji hilo huigawa mitaa yake katika ngazi 4 kwa kuangalia kipato na elimu ya wakazi, ili watoto wa mitaa maskini waweze kuingia sekondari za mchujo kwa alama za chini kidogo. Nia ni njema. Lisa Barrow, Lauren Sartain na Marisa de la Torre walipofuatilia waliokuwa karibu na mstari, alama za mitihani hazikupanda. Kwa wale wa mitaa maskini, wastani wa alama za darasani ulishuka, nafasi yao miongoni mwa wanafunzi ikashuka, na uwezekano wa kuingia chuo kikuu chenye ushindani ukapungua. Mtoto ambaye angekuwa wa tatu au wa tano darasani aligeuka kuwa wa katikati, na afisa wa udahili wa chuo aliisoma karatasi yake kama ya mwanafunzi wa wastani.

Nafasi darasani si jambo dogo

Jambo hilo la nafasi linastahili kutazamwa kwa makini. Mwanasaikolojia Herbert Marsh amekuwa akionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watoto wawili wenye uwezo sawa hujiona tofauti kutegemea wamezungukwa na nani: aliye kati ya wenye uwezo mkubwa sana hujidharau katika somo analoliweza. Takwimu za mtihani wa kimataifa wa PISA zimelionyesha jambo hilo katika nchi nyingi, tajiri na maskini. Richard Murphy na Felix Weinhardt walikuta Uingereza kwamba nafasi ya mtoto miongoni mwa wenzake katika shule ya msingi huathiri anavyofanya sekondari, hata kama alama zake zilikuwa sawa na za mtoto wa shule nyingine aliyeshika nafasi tofauti. Anayejiona anaweza huendelea kujaribu. Anayejiona wa mwisho huchagua masomo mepesi, au huacha kunyoosha mkono.

Texas imeliandika jambo hilo katika sheria. Tangu mwaka 1997, aliye katika asilimia 10 ya juu ya shule yake ana haki ya kupata nafasi katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Kile kinachogombewa kuliko vyote, Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin, kimebana zaidi hadi asilimia 6, na kwa wanaoingia mwaka 2026 ni asilimia 5. Hapo hesabu haihitaji mtaalamu. Katika darasa la wanafunzi 100 waliochujwa kutoka mji mzima, nafasi hizo ni 5, na mtoto anayejifunza vizuri sana anaweza kuwa wa 20. Julie Cullen, Mark Long na Randall Reback walikuta kwamba familia kadhaa zililiona hilo na kuchagua kwa makusudi shule zenye ushindani mdogo. Waliochagua hivyo waliwahi kuitwa wajanja wanaocheza na mfumo. Mimi naona walisoma masharti ambayo wengine hawakuyasoma, na mzazi Mkongo wa Houston au Dallas ana haki ya kuelezwa masharti hayo kwa lugha anayoielewa kabla hajaweka saini.

Gharama isiyoonekana kwenye karatasi ya matokeo

Hadi hapa nimezungumzia alama na vyuo kana kwamba ndivyo pekee vilivyo mezani. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanasaikolojia Suniya Luthar aliwalinganisha vijana wa vitongoji vya matajiri na vijana wa mitaa maskini ya mjini. Alitarajia kuwatumia wale wa kwanza kama kipimo cha afya njema. Akakuta kwamba wao ndio waliokuwa na wasiwasi zaidi na matumizi makubwa zaidi ya pombe na dawa za kulevya. Miaka zaidi ya 20 iliyofuata aliitumia kuchunguza shule zenye mafanikio makubwa, za umma na za binafsi, na picha ilijirudia. Mwaka 2019 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani, katika ripoti kuhusu afya ya watoto, ziliwataja wanafunzi wa shule hizo miongoni mwa makundi yaliyo hatarini, karibu na watoto wa familia fukara, wahamiaji wa karibuni na wenye wazazi walio gerezani. Mwaka mmoja kabla, taasisi ya Robert Wood Johnson ilikuwa imeliweka shinikizo la kufaulu kupita kiasi katika orodha ya mambo yanayoharibu ustawi wa vijana, pamoja na umaskini, ubaguzi na kiwewe. Shule alizochunguza Luthar si zote za sumaku, hilo lazima lisemwe. Lakini mazingira aliyoyaeleza, ya kila mmoja kupimwa na kila mmoja kila siku, ndiyo yanayouzwa na programu za mchujo kama sifa.

Kisha kuna usingizi. Madaktari wanasema kijana anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku, na tangu mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimesisitiza kwamba masomo ya sekondari yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Takribani wanafunzi 7 kati ya 10 wa sekondari nchini humo hawapati usingizi wa kutosha siku za shule. Mollie Galloway, Jerusha Conner na Denise Pope waliwauliza wanafunzi 4,317 wa sekondari 10 za California zenye mafanikio makubwa, na wastani wa kazi za nyumbani ulikuwa saa 3.1 kila usiku. Zaidi ya nusu yao walizitaja kazi hizo kuwa chanzo kikuu cha msongo. Ongeza safari. Programu ya sumaku huchukua watoto wa kaunti au jiji zima, na saa moja ndani ya basi kwenda, nyingine kurudi, ni jambo la kawaida. Toa saa za darasa, basi, michezo au klabu, chakula na kazi za nyumbani katika saa 24, uone kinachobaki cha kulala. Miaka minne ya namna hiyo, katika umri ambao ubongo na mwili vinakua kwa kasi, si bei ndogo ya kulipia tofauti ambayo watafiti wameitafuta kwa shida.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema tafiti hizi zinawahusu walio karibu na mstari, si yule aliyeuvuka kwa mbali. Ni kweli, na ndiyo hoja nzito kuliko zote. Mtoto aliyemaliza hisabati ya shule akiwa na miaka 13, anayefungua vitabu vya namba bila kuambiwa, anahitaji walimu wa kumpeleka mbele na wenzake wa kuzungumza naye. Programu kama za Blair na Thomas Jefferson hutoa masomo ya hisabati ya kiwango cha chuo kikuu na maabara za utafiti ambazo shule ya kawaida haina, na mitihani ya jimbo haiwezi kupima faida hiyo. Mtoto huyo aende. Lakini dalili yake huonekana katika jambo analolifanya jioni akiwa hana mtihani. Alama alizopata baada ya miaka miwili ya tuisheni hazitoshi kuwa dalili. Nyumba nyingi zenye wasiwasi juu ya uamuzi huu hazina mtoto wa namna hiyo. Zina mtoto hodari, mwenye bidii, anayependa mambo kadhaa, ambaye atafanya vizuri popote akifundishwa na akilala.

Hoja ya pili inawahusu maskini. Kwa familia ambayo shule ya mtaani kwake ni mbovu au si salama, kuambiwa iachane na shule ya mchujo ni kuongezewa mzigo. Michelle Obama alitoka kusini mwa Chicago kwenda sekondari ya sumaku ya Whitney Young, safari ya takriban saa moja na nusu kwa basi, akahitimu mwaka 1981, na hakuna anayeweza kusema alikosea. Tena wanafunzi wa shule za mchujo za Chicago huripoti usalama zaidi na uhusiano mzuri zaidi na walimu kuliko wenzao waliozikosa, na usalama ni sehemu ya elimu. Kama uchaguzi ni kati ya shule ya mchujo na shule iliyotelekezwa, ichukue ya mchujo. Ila makala haya yanazungumzia programu mbili zenye walimu na vifaa, na kwa mwenye chaguo hilo hofu ya shule mbovu haimhusu.

Ya tatu ni kwamba dunia haina huruma, basi mtoto azoee mapema. Hoja hii hupendwa na wazazi waliopita katika magumu, na naiheshimu kwa sababu hiyo. Lakini ugumu unaokomaza ni ule ambao mtoto anaweza kuushinda, akiwa na mtu mzima wa kumwegemea. Kukosa usingizi hakufundishi uvumilivu, na kujiona duni miaka minne mfululizo hakuongezi ujasiri. Mzazi aliyevuka mipaka kwa miguu ili mwanawe asome anajua tofauti kati ya shida iliyomjenga na shida iliyomvunja; aitumie elimu hiyo hapa pia.

Bila mchujo, na bado zinafundisha

Kinachosahaulika katika mjadala huu ni kwamba programu zisizochuja zina ushahidi wake, tena mzuri. Connecticut, baada ya Mahakama ya Juu ya jimbo kuamua mwaka 1996 katika kesi ya Sheff dhidi ya O'Neill kwamba utengano wa shule za Hartford haukubaliki, ilijenga shule za sumaku zinazochukua watoto wa jiji na wa vitongoji kwa kura. Robert Bifulco, Casey Cobb na Courtney Bell walikuta kwamba sekondari hizo ziliinua alama za kusoma na za hisabati za wanafunzi wa mijini. Hakuna mtoto aliyepepetwa, na bado shule ilifanya kazi yake. Hilo ndilo linaloniridhisha kama kipimo cha shule: kuchukua watoto waliotolewa kwa kura na kuwafikisha mahali ambapo wasingefika.

Mfano mwingine ni zile akademia za kazi, programu ndogo ndani ya sekondari za kawaida, ambamo wanafunzi 150 hadi 200 husoma pamoja kwa miaka kadhaa wakiwa na walimu walewale, na masomo yao yamefungamanishwa na fani moja, iwe afya, fedha, utalii au elektroniki. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliwafuatilia waombaji waliopata na waliokosa nafasi kwa kura katika sekondari 9. Alama za mitihani hazikutofautiana. Lakini miaka 8 baada ya muda wa kuhitimu, waliopata nafasi walikuwa wameingiza wastani wa asilimia 11 zaidi kwa mwaka kuliko waliokosa, na wavulana walinufaika zaidi. Hakuna orodha ya shule bora ambayo ingeziweka akademia hizo juu. Mwalimu anayemjua mwanafunzi kwa jina kwa miaka mitatu, fani inayoeleweka, na waajiri wanaowafungulia vijana milango: hayo hayatokani na mstari wa alama, na mzazi anaweza kuyatafuta katika programu yoyote.

*Kipimo cha shule ni kuwachukua watoto waliotolewa kwa kura na kuwafikisha mahali ambapo wasingefika.*

Kwa hiyo mzazi mwenye nafasi mbili mkononi aulize maswali ambayo siku ya kutembelea shule hayajibiwi na mtu jukwaani. Ni wangapi walioanza programu hii mwaka jana na hawamo tena, na walipotoka walikwenda wapi? Mtoto akilemewa na somo moja, anaweza kushuka darasa la kawaida bila kufukuzwa kwenye programu? Kazi za nyumbani ni saa ngapi kwa maneno ya wanafunzi wenyewe, na basi linapita mtaani kwetu saa ngapi? Mshauri wa wanafunzi anahudumia watoto wangapi? Programu ya ushindani yenye majibu mazuri kwa maswali hayo ipo, na inastahili kuchaguliwa na anayeitaka. Inayokwepa maswali hayo, hata ikiwa na orodha ndefu ya medali, iachwe.

Na mtoto aulizwe, mbali na wageni na mbali na simu za ndugu wanaosubiri kusikia jina la shule. Akisema anaitaka shule ngumu kwa sababu ya somo fulani, na anaweza kulieleza somo hilo, mruhusu. Akitaja jina la shule tu, mpeleke kwenye programu nyingine, iliyo karibu na nyumbani, inayofundisha jambo analolipenda na kumwacha alale saa 8. Jibu hilo litumwe kabla ya siku ya mwisho, na mtoto asiombwe kulijutia.